Sakafu isiyoteleza: mwongozo wa pisini, bafu na jiko kwa mkaaji wa Goma

Kiangazi kikifika, kila Jumamosi hoteli za kando ya Ziwa Kivu hapa Goma hujaa maharusi. Hawaji kuogelea, wanakuja kupiga picha. Bibi harusi anasimama kwenye ukingo wa pisini (bwawa la kuogelea), wasimamizi wawili wamemshikia gauni, mpiga picha anarudi nyuma hatua moja, anarudi ya pili, macho yote yamo kwenye kamera, na mguuni ana kiatu cha ngozi chenye soli laini kama kipande cha sabuni. Nimetunza pisini kwa miaka mingi katika hoteli moja ya hapa, na waogeleaji hawajawahi kunitia wasiwasi kama wapiga picha. Lakini siku tulipopata ajali, aliyeanguka hakuwa mpiga picha, wala mtoto mkorofi, wala mlevi. Alikuwa mama wa heshima, shangazi wa bwana harusi, kavaa kikwembe kipya, anatembea polepole kabisa. Akakanyaga karo yenye maji kidogo tu, maji ambayo ukiwa umesimama huwezi hata kuyaona. Mguu ukaenda mbele, yeye akaenda nyuma, akajikinga kwa mkono. Mkono ukavunjika hapo kwenye kifundo.

Kosa lilikuwa letu, na lilikuwa limefanyika miezi mingi kabla, siku karo zilipochaguliwa. (Ninaposema karo, ni zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania wanaita vigae au marumaru.) Za zamani zilikuwa zimechakaa, patroni akataka kitu cha kisasa. Fundi akaleta karo nyeupe zinazong'aa hadi unajiona meno. Nikasema, “Patroni, hizi zitateleza.” Akanijibu, “Hizi njo ziko kwenye hoteli zote za Dubai.” Nikanyamaza. Wakati ule nilijua kwa mguu tu kwamba zinateleza, sikujua kueleza kwa nini. Haya yanayofuata ndiyo ningemwambia siku ile.

Na si maneno ya wenye hoteli peke yao. Pisini mjini si nyingi, ila kila nyumba ina bafu, kila nyumba ina bidoni (madumu) za maji mlangoni, na kila mgahawa una jiko ambalo sakafu yake haikauki toka asubuhi hadi usiku.

Hatua ya kwanza: mwaga ndoo, kaa uangalie

Kabla hujanunua kitu chochote, chukua ndoo ya maji, uimwage pale unapopaogopa. Halafu vuta kiti ukae dakika kumi. Maji yanaenda wapi? Yanakusanyika wapi? Kila dimbwi linalobaki, lizungushie chaki. Sakafu nzuri haina haja ya mtu wa kuifukuzia maji siku nzima, inayafukuza yenyewe.

Kwa nje, kandokando ya pisini, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha. Bafuni, sentimita 1 hadi 2 kwa mita kuelekea kwenye tundu la maji. Kuupima hakuhitaji injinia. Tafuta ubao ulionyooka wa mita moja, uulaze sakafuni kufuata mteremko, weka nivo ya fundi (pimamaji) juu yake, kisha inua ule upande wa chini mpaka povu la nivo likae katikati. Pima kwa rula nafasi iliyobaki kati ya ubao na sakafu. Ukipata sifuri, maji hayana pa kwenda. Ukipata sentimita 4 au 5, umeshajenga kilima, na juu ya kilima chenye maji mguu hautulii.

Kwenye pisini mteremko uende mbali na bwawa, kwenye mfereji wake, usirudi ndani. Vinginevyo kila mvua itakuogea sakafu na kukumiminia uchafu wake kwenye maji ya wageni.

Ukimaliza na ndoo, fuata nyayo. Subiri watu watoke majini, uangalie alama za miguu zinaelekea wapi. Kwetu zilikuwa njia tatu: kwenda baa, kwenda choo, kwenda kwenye viti vya jua. Maji hayakai mahali ulipoyapangia, watu wanayabeba. Nimeona hoteli iliyotengeneza ukingo wa bwawa vizuri kabisa, halafu korido ya kwenda choo, mita nane hivi, ikaachwa na karo za sebuleni. Watu walianguka huko.

Hatua ya pili: jua unakanyaga nini

Mguu hausimami juu ya karo. Unasimama juu ya kile kilichoko kati yake na karo. Karo laini ikiwa na utando mwembamba wa maji, maji yale hayana kitobo cha kukimbilia pale unapokanyaga, basi yanakubeba, na unashuka kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyokatika breki. Sakafu yenye vijinundu na vitobo ni tofauti: maji yanakimbilia kwenye vitobo, na vijinundu vinaugusa mguu wenyewe. Siri yote ya utelezi iko hapo.

Maji matupu ni adui mdogo. Mabaya zaidi ni yale yanayochanganyika nayo.

Sabuni, kwanza. Wengi wanadhani sakafu yenye povu ni sakafu safi. Sabuni ya unga (sisi tunasema Omo hata kama si Omo) ikizidi, haiishi kwa kusuuzwa mara moja. Inakauka, inabaki kama ngozi isiyoonekana, na tone la kwanza la maji linaiamsha. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi inayoshikana na sabuni na kuacha utando mweupe; kila mama aliyefua kwa maji ya Kivu anaujua.

Mafuta, pili. Sizungumzii ya jikoni tu, hayo nitayafikia. Nasema mafuta ya kujipaka, glisirini na losheni. Mtu ametoka kuoga, amesimama palepale kwenye karo mbichi, anajipaka miguu. Matone mawili yanaanguka. Anayefuata kuingia ni bibi yake.

Kuna ule utelezi wa kijani unaoota penye kivuli msimu wa mvua, nyuma ya tangi, chini ya maua, kwenye ngazi isiyopata jua. Na kuna vumbi letu jeusi. Wageni hawalijui hili. Mchanga wa volkano ukiwa mkavu juu ya karo laini unafanya kazi ya gololi, ukilowa unakuwa uji. Ndiyo maana sakafu ya Goma haioshwi kabla ya kufagiwa.

Hatua ya tatu: chagua sakafu, na uanze na unachokikalia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea.

Mji huu umejengwa juu ya makoro, mawe ya volkano. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, uji wa moto ukakata katikati ya mji mpaka ziwani, na watu waliporudi walivunja yale mawe meusi na kujenga nayo upya: misingi, kuta, nyua. Jiwe la makoro limejaa vitobo vilivyoachwa na mapovu ya gesi wakati uji ulipopoa. Kile ambacho viwanda vya karo vinajaribu kukitengeneza kwa mashine, yaani uso unaokamata mguu wenye maji, volkano ilitumwagia mlangoni. Halafu sisi tunalifunika kwa karo ya kioo iliyovuka bahari.

Ila jiwe hili lina masharti yake. Usilitandike likiwa ghafi, litamkata mtu nyayo. Uso wa juu uchongwe au ukatwe kwa mashine. Chagua lenye vitobo vidogo, kama vya mkate, kwa kuwa vikubwa vinakusanya uchafu na kunasa kisigino cha mwanamke. Jaza vizuri mistari kati ya jiwe na jiwe. Lisugue kwa brashi ngumu kila wiki wakati wa mvua, maana kijani kinapenda vitobo. Na tafadhali, tafadhali, usilipake vanishi. Najua linapendeza, linakuwa jeusi tititi kama limenyeshewa muda wote. Ukilipaka vanishi ukutani, sawa. Ukilipaka pa kukanyagia, umeziba vitobo vyote na umejirudishia karo ya Dubai kwa bei ya jiwe.

Kama jiwe halikufai, kuna zege la ufagio, na hili ndilo ninalowapendekezea watu wa kawaida kwa bafu la nje na mahali pa kufulia. Fundi akishamwaga na kusawazisha zege, asubiri lianze kushika, kiasi kwamba kidole kinaacha alama lakini hakizami. Hapo aburute ufagio mgumu juu yake mara moja, upande mmoja, kwa kukatiza njia ya watu. Vimifereji vyembamba vinabaki. Havigharimu hata franka moja ya ziada. Tatizo ni mafundi wenyewe. Fundi wa kwetu anaona fahari kupiga sakafu na mwiko mpaka ing'ae, na ukimwambia aikwaruze anafikiri unamtukana. Simama hapo mwenyewe siku hiyo, usimtume mtoto.

Ukitaka karo, soma boksi. Karo nyingi zinazotoka Ulaya, na zingine za Asia, zina alama za vipimo vya Kijerumani. Herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13, ni kwa mguu uliovaa kiatu: namba ikipanda, mshiko unapanda. Wanazipima kwa mtu anayetembea juu ya ubao uliopakwa mafuta, wanauinua mpaka ashindwe kusimama. Herufi A, B na C ni kwa mguu mtupu kwenye maji ya sabuni, na ndizo zinazokuhusu wewe wa pisini na bafu. A inakubali mwinamo wa digrii 12, B digrii 18, C digrii 24. A inatosha kwa chumba cha kubadilishia nguo. Ukingo wa pisini na sakafu ya kuogea vinataka B. Ngazi za kuingilia majini na sehemu zote zenye mteremko ni C. Jikoni mwa mgahawa tafuta R11 kwenda juu, na R9 uiache sebuleni.

Boksi halina alama, au muuzaji anakuapia tu? Omba karo mbili tofauti, ziweke chini, mwagia maji na tone la sabuni, vua kiatu, sukuma mguu kwa kila moja. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Nyumbani unaweza kwenda mbali zaidi. Bandika karo kwenye ubao wa mita moja, iloweshe, weka juu yake kambambili (ndala) yenye jiwe la kilo moja lililofungwa, na inua ncha ya ubao polepole mpaka kambambili iteleze. Pima urefu kutoka chini hadi ile ncha. Sentimita 21 ni kama digrii 12, sentimita 31 ni kama 18, sentimita 41 ni kama 24. Si kipimo cha maabara, kwa sababu kambambili si nyayo ya mtu anayetembea, lakini kwa kulinganisha karo na karo hakidanganyi. Zile karo zetu nyeupe nilikuja kuzipima hivi, nikiwa nimechelewa sana. Kambambili ilishuka hata kabla sijajipanga vizuri.

Na kama fedha inaruhusu karo ndogondogo tu, za mraba mdogo kama kiberiti, si hasara. Karo ndogo zina mistari mingi, na kila mstari ni kitobo cha maji kukimbilia.

Patroni mwishowe aling'oa karo za ukingoni, upana wa mita mbili, akatandika makoro yaliyokatwa. Karo zilizopona aliagiza zibandikwe kwenye kuta za choo. Huko zinang'aa vizuri sana.

Hatua ya nne: kama sakafu ipo tayari na pesa ya kuvunja haipo

Kwenye saruji tupu: osha mafuta yote, kwaruza kwa brashi ya waya, acha ikauke kabisa, siku mbili bila mvua. Paka rangi ya sakafu ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa. Ikiwa bado mbichi, inyunyizie mchanga mkavu uliochujwa, punje kama za sukari. Ikikauka fagia mchanga uliozidi, paka mkono wa pili. Usitumie rangi ya mafuta ya kawaida. Nimeona watu wakipaka kandokando ya bwawa rangi ya buluu ya milango ili “ifanane na maji”. Ilifanana na barafu.

Kwenye karo inayong'aa rangi haishiki sawasawa, inabanduka vipande baada ya miezi michache. Huko bandika tepu zenye chengachenga, mistari inayokatiza njia, usiache nafasi kubwa kuliko urefu wa nyayo kati ya mstari na mstari. Ikianza kunyanyuka pembeni ibadilishe siku hiyohiyo, sababu tepu iliyonyanyuka inakwaza. Kuna pia dawa za asidi zinazochimba uso wa karo. Zinafanya kazi mikononi mwa anayezijua. Mikononi mwa kijana aliyetumwa na chupa na kitambaa zinaunguza mapafu na kula saruji kati ya karo, basi mimi siziruhusu.

Ngazi za mbao na madaraja (vidato) ya nje, jifunze kwa wasukuma chukudu. Wale hawakusubiri kiwanda: gurudumu la mbao wamelivisha mpira wa tairi kuukuu ili likamate barabara. Kata ukanda wa tairi, upana wa vidole vinne, upande wenye mikato ukiwa juu, upige misumari kwenye ukingo wa kila daraja, vichwa vya misumari vizame. Hata mkeka wa mlangoni, lile gunia tunalolitandika juu ya karo, ni mtego mpaka uliwekee chini kipande cha mpira wa ndani wa tairi.

Hatua ya tano: usafi, kwa mpangilio wake

1. Fagia kukiwa kukavu, vumbi jeusi lote litoke.
2. Mwaga maji yenye sabuni kidogo, kidogo kuliko moyo unavyotaka.
3. Sugua kwa brashi yenye nywele ngumu. Kitambaa kinahamisha mafuta kutoka karo hii kwenda ile.
4. Suuza mara mbili. Ya pili ndiyo inayoondoa utelezi, na ndiyo wafanyakazi wanairuka kwa sababu maji yanachotwa mbali.
5. Vuta maji kwa rakleti, ile fimbo yenye mpira, mpaka kwenye mfereji.

Fanya alfajiri. Goma iko kwenye kimo cha karibu mita 1500, na jioni ni baridi. Sakafu uliyoosha saa kumi na moja jioni bado ni mbichi wageni wa usiku wanapoingia.

Utelezi wa kijani unataka javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe: kikombe kimoja kwenye ndoo ya lita 10, mwagia, subiri dakika kumi, sugua, suuza. Ule utando mweupe wa maji ya ziwa unataka siki. Hivi viwili visikutane, si kwenye ndoo moja wala kwenye sakafu moja siku moja. Javeli ikichanganyika na siki au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini. Mimi nilifanya kosa hilo mara moja, kwenye dushi iliyofungwa, kwa haraka ya kumaliza. Nilitoka nikikohoa, machozi yananitiririka, na kifua kiliniwaka hadi kesho yake.

Ngazi na vishikio

Kwa kifupi. Madaraja yote yawe na kimo kimoja, kwa maana mguu unahesabu bila kukuuliza. Ukingo wa kila daraja upakwe rangi inayoonekana, njano au nyeupe, kwa sababu chini ya maji madaraja yanaungana machoni. Kishikio kiwe kwenye sentimita 90 hivi, kianzie kabla ya daraja la kwanza. Bafuni kwa mzee, chuma cha kushikia kifungwe ukutani kwa skrubu nzito kwenye tofali au zege. Ning'inia mwenyewe kwanza, uzito wako wote. Kile cha kutundikia taulo hakikutengenezwa kubeba mtu, na mzee akianza kuteleza atakishika hichohicho. Na taa: umeme unakatika, basi weka taa ndogo ya jua pale penye maji.

Hatua ya sita: watu

Kuandika “Usikimbie” ukutani ni kazi rahisi, na watoto hawaisomi. Kilichonisaidia ni kuondoa sababu ya kukimbia. Watoto wanakimbia kutoka majini kwenda kwenye taulo kwa sababu wanasikia baridi. Tukasogeza viti na taulo hatua tatu kutoka ngazi ya kutokea. Mbio zikapungua nusu bila kelele. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwaangalia tu, bila simu.

Maharusi ni jambo lingine. Huwezi kuwakataza, hoteli inaishi kwao. Kwa hiyo wape mahali. Tulichagua kona moja yenye mandhari nzuri ya ziwa, tukatandika makoro, tukaikausha na kuizungushia kamba saa moja kabla msafara haujafika. Mpiga picha nampokea mimi mwenyewe: “Kaka, karibu sana. Mwanga mzuri uko hapa. Na nyuma yako kuna maji.” Maneno hayo ya mwisho nayarudia kila anapobadilisha kamera. Mamá wenye visigino virefu nawapitisha njia ya mawe, nampa kijana mmoja kazi ya kuwapa mkono.

Kambambili nazo zina umri. Geuza uangalie soli: mikato ikiisha kwenye kisigino, imekuwa karo nyingine mguuni mwako. Usimpe mgeni kambambili za hoteli zilizolainika kwa kuwa eti bado hazijakatika.

Nyumbani

Bidoni ya njano ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na kilo zile zote ziko upande mmoja wa mwili wako. Anayeibeba akiteleza hawezi kujishika. Hivyo zipangie bidoni mahali karibu na mlango wa nje, juu ya changarawe au zege lililokwaruzwa, na maji ya kuogea yaingizwe ndani kwa ndoo ndogo. Vifuniko vifungwe. Wengi wanapoteza vifuniko na kuziba kwa nailoni, halafu wanashangaa korido ina njia ya matone kila asubuhi.

Bafuni: kuoga ndani, kujipaka mafuta chumbani, umekaa. Mwanzoni nyumbani kwangu walinilalamikia. Sasa mama yangu, ambaye magoti yake hayamsikilizi tena, ndiye anayewakumbusha wajukuu. Mama mjamzito na mzee wawekewe kiti cha plastiki chenye miguu mipana cha kuogea, na mlango usifungwe kwa komeo ambalo huwezi kulifungua kwa nje.

Jikoni: ukikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mafuta yanaruka mbali kuliko unavyodhani, na yakikutana na maji ya kuoshea samaki, hata R11 inanyoosha mikono. Tenga mahali pa kuoshea na mahali pa kukaangia, hatua nne kati yao. Mafuta yakimwagika, usiyamwagie maji. Yamwagie majivu au mchanga mkavu, subiri yanywe, zoa, ndipo upige brashi yenye sabuni.

Mtu akianguka

Tamaa ya kwanza ya kila mtu ni kumnyanyua haraka, kwa aibu na kwa huruma. Subiri. Piga magoti, mwite, muulize anaumwa wapi. Akisema shingo au mgongo, au hasikii miguu, asisogezwe: mmoja amshikilie kichwa kisitikisike, mwingine amfunike kwa kikwembe au taulo kavu, mwingine atafute gari. Gari, si moto (pikipiki). Tumezoea kumpakia mgonjwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, na kwa mgongo uliovunjika safari hiyo inaweza kumaliza kilichobaki. Mzee ambaye mguu mmoja unaonekana mfupi na nyayo imegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Usimjaribishe kusimama “kidogo tu”.

Aliyegonga kisogo, hata akicheka na kusema si kitu, aangaliwe saa 24. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akichanganya maneno, akitetemeka kwa degedege, au akitokwa damu ama maji masikioni au puani, ni hospitali mara moja.

Akishapata msaada, rudi pale alipoanguka kabla mtu hajapangusa. Gusa sakafu kwa kidole. Ni maji, ni sabuni, ni mafuta? Andika kwenye daftari: siku, saa, mahali, alivaa nini, kulikuwa na nini chini. Andika na wale walioteleza wasianguke, kwani hao ndio wengi. Daftari letu lilipofika ukurasa wa tatu, nililisoma nikakuta nusu ya majina yamerundikana kwenye kona moja, mchana wa Jumapili, mahali ambapo hata waogeleaji hawapiti. Nikaenda kukaa pale na kiti changu. Mhudumu wa baa alikuwa anapita na ndoo ya barafu kutoka kwenye friji iliyokuwa upande wa pili wa ukumbi, mara thelathini kwa siku, na ndoo ilikuwa imetoboka.

Karo za kona ile hatukuzigusa. Tulinunua ndoo, tukahamisha friji.